Mwaka mmoja na mita janja: kifaa kinapima vizuri, maswali ya nyumbani bado yapo

Nilikubali kufungiwa mita janja kabla wenzangu nyumbani hawajakubali, na kwa kuwa mkataba wa umeme uko kwa jina langu, sahihi yangu ndiyo iliyotosha. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, nami nalitaja mapema kwa sababu tathmini hii ya mwaka mmoja itahusu zaidi namna watu wa nyumba moja walivyokipokea kifaa hicho kuliko kifaa chenyewe. Tuko sita: mume wangu, watoto wetu watatu, baba mkwe wangu ambaye sote tunamwita Babu, na mimi. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kuitaka mita au kuikataa, na baada ya kuzisikia zote sikuona hata moja iliyokuwa ya kijinga.

Kwa umbo, mita haina la kushangaza. Ni kiboksi cha plastiki kinachokaribiana kwa ukubwa na kile cha zamani, chenye kioo cha tarakimu, vitufe viwili na taa ndogo nyekundu inayokonyeza kadiri umeme unavyotumika. Tofauti iko ndani, ambako kuna chombo kinachotuma vipimo kwa mtambo wa msambazaji kupitia mtandao wa simu, na swichi inayoweza kufungwa au kufunguliwa kutoka mbali. Kwingineko vipimo husafiri kwenye nyaya zilezile za umeme, kama zifanyavyo mita za Linky nchini Ufaransa, ambazo zilianza kufungwa mwishoni mwa 2015 na kufikia 2021 zilikuwa zimeshaingia katika nyumba zaidi ya milioni 30. Pamoja na mita tulipewa skrini ndogo ya kuweka popote ndani ya nyumba, inayoonyesha matumizi ya wakati huohuo kila baada ya sekunde 10 hivi.

Kazi ya kuifunga haikufika saa moja. Fundi alikuwa na adabu na aliijua kazi yake: alikagua nyaya zinazoingia kwenye meni swichi, akakaza skrubu iliyolegea ambayo ilikuwa imeshaanza kuunguza plastiki, kisha akatuonyesha jinsi ya kusoma kioo. Asichotueleza ni nani atakayesoma vipimo vyetu, mara ngapi kwa siku, na vitakaa kwenye kumbukumbu zao kwa muda gani. Nilipomuuliza alinipa kipeperushi chenye picha ya familia inayotabasamu, na nilipokisoma mpaka mwisho nilikuta familia ile bado inatabasamu bila kunijibu.

Kosa la pili halikuwa letu. Fundi alinakili kwa mkono usomaji wa mwisho wa mita ya zamani, akaandika 48,671 mahali pa 48,617, na uniti 54 ambazo hatukuzitumia zikaingia kwenye bili ya mwezi ule. Ilituchukua wiki tano na simu saba mpaka zikaondolewa, na kilichotuokoa ni picha ambayo binti yangu mkubwa aliipiga kwa simu muda mfupi kabla mita ile haijang'olewa, kwa kumbukumbu tu, kwa kuwa alikuwa ameizoea tangu utotoni. Kwa hiyo yeyote anayemsubiri fundi aipige picha mita ya zamani huku tarakimu zote na namba ya mita zikionekana, na asingoje kuambiwa.

Babu ndiye aliyeipinga waziwazi. Hoja yake ilikuwa fupi: ile ya zamani alikuwa anaiona ikizunguka. Kisahani cha chuma kikienda mbio, alijua kuna pasi au hita imewashwa, na kikisimama, alijua halipishwi kitu. Mashine ya aina ile imejengwa juu ya kanuni iliyogunduliwa katika miaka ya 1880, na mtu asiye na elimu yoyote ya umeme aliweza kuikagua kwa macho. Mita mpya imekaa kimya. Fundi alimwambia, "Mzee, hii haikosei," naye akamjibu, "Kijana, hata wewe hujaiona ndani."

Tulimaliza ubishi huo kwa jaribio ambalo nalipendekeza kwa kila nyumba. Juu ya mita yetu imeandikwa kwamba taa nyekundu hukonyeza mara 1,000 kwa kila uniti moja. Birika letu la umeme ni la wati 2,000, kwa hiyo kwa dakika tatu linapaswa kula sehemu moja ya kumi ya uniti, yaani mikonyezo 100. Tulizima kila kitu kingine, tukalijaza birika hadi juu lisije likachemka na kujizima kabla ya wakati, kisha Babu akakaa kwenye kiti mbele ya mita na kalamu na karatasi, akipiga mstari kwa kila mkonyezo, huku mjukuu wake akishika saa. Alipata 97. "Na hizo tatu zimekwenda wapi?" aliuliza, nami nikalazimika kumpigia fundi wetu wa mtaani, aliyetueleza kwamba umeme ukiingia na volti pungufu kidogo, nguvu ya birika hupungua zaidi ya hapo. Babu aliikunja karatasi ile akaiweka mfukoni mwa shati. Tangu siku hiyo hajasema tena kwamba mita inamwibia, ingawa hajasema pia kwamba anaipenda.

Sikumdharau kwa shaka yake, kwa sababu historia ya mita hizi inaonyesha kwamba wanaolalamika huwa na haki kiasi. Mwaka 2009 wakazi wa Bakersfield, California, walilalamika kwamba bili zao zilipanda mara baada ya kubadilishiwa mita. Uchunguzi wa kujitegemea uliotoka mwaka uliofuata ulikuta kwamba mita zilipima sawasawa, lakini ukamlaumu msambazaji kwa jinsi alivyowapokea waliolalamika. Kwa upande mwingine, watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente nchini Uholanzi walipojaribu mita tisa za kielektroniki pamoja na taa za kuokoa umeme na taa za LED zilizounganishwa kwenye swichi za kupunguza mwanga, tano kati yake zilizidisha, na kisomo kibaya kuliko vyote kilizidi ukweli kwa asilimia 582. Hali ile ilikuwa ya maabara na haifanani na nyumba ya kawaida. Hata hivyo, baada ya habari kama hiyo, fundi anayesema kifaa hakikosei anajishushia heshima bila sababu.

Faida niliyoiona kwa macho yangu ilitokea usiku mmoja katika wiki ya pili. Watu wote walikuwa wamelala, taa zimezimwa, friji ya jikoni imepumzika, na skrini ikasoma wati 140. Nilianza kuzunguka nyumba na skrini mkononi kama mtu anayetafuta mtandao wa simu. Nilichomoa redio kubwa ya sebuleni, ambayo tulidhani imezimwa kwa sababu tu ilikuwa kimya, namba ikashuka hadi 118. King'amuzi kilipochomolewa ikawa 103. Chaja mbili za simu, ambazo kwa miaka mingi nimewagombeza watoto kwa ajili yake, hazikuitikisa namba hata kidogo, na asubuhi ilinibidi niwaombe radhi. Kilichobaki nilikikuta stoo: friza ya zamani tuliyoacha kuitumia, tupu, mlango umefungwa, inanguruma gizani kwa bidii ikigandisha hewa. Nilipoichomoa skrini ikasoma 13.

Kutokana na usiku ule matumizi yetu yalishuka kutoka uniti 310 kwa mwezi hadi kama 265, na hapo yamesimama. Mita yenyewe haikupunguza hata wati moja. Ilituonyesha tu mahali pa kukata, na tulipokwisha kukata haikuwa na jingine la kutuonyesha. Hii inalingana na majaribio yaliyofanywa kwingineko, ambako nyumba zilizopewa skrini zilipunguza asilimia chache tu, tena pale ambapo kulikuwa na mtu wa kuiangalia. Anayeahidiwa kwamba mita janja itamwokolea umeme ikiwa imekaa ukutani peke yake anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Huyo mtu wa kuiangalia, katika nyumba yetu, nilikuwa mimi, na hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo sikulitarajia. Programu ya simu inachora mstari wa matumizi ya kila nusu saa, na asubuhi moja niliona mwinuko mkali saa saba usiku. Nilimuuliza binti yangu nani alikuwa anapiga pasi wakati ule. Aliniangalia kwa muda kabla ya kunijibu: "Mama, sasa unanichungulia kwa umeme?" Alikuwa anajiandaa kwa usaili wa kazi na hakutaka mtu ajue mpaka apate majibu. Siku chache baadaye niliikuta skrini imegeuzwa uso ukutani, na hakuna aliyekiri kuigeuza. Sikuirudisha siku hiyo.

Kama mstari huo unanitosha mimi kujua nani alikesha, unamtosha pia mtu asiyetujua kuona tunaamka saa ngapi, tunalala lini na wiki gani nyumba ilikuwa tupu. Vipimo vikichukuliwa kwa sekunde badala ya nusu saa, hata aina ya chombo kilichowashwa hujulikana, kwa kuwa friji, pasi na pampu kila kimoja kina mwandiko wake. George Hart wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, alionyesha jinsi ya kuusoma mwandiko huo katika miaka ya 1980, na mwaka 1989 yeye mwenyewe aliandika makala kuonya kwamba mbinu hiyohiyo inaweza kugeuzwa kuwa ya upelelezi. Mwaka 2009 Seneti ya Uholanzi ilikwamisha muswada wa kulazimisha kila nyumba kufungiwa mita janja, faragha ikiwa hoja kubwa, na sheria iliyopatikana baadaye ikawaachia wenye nyumba haki ya kukataa. Nchini Marekani, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua mwaka 2018, katika kesi ya wakazi wa Naperville, Illinois, kwamba kuchukua vipimo vya nyumba kila baada ya dakika 15 ni upekuzi kwa maana ya katiba, ingawa iliuona kuwa halali kwa kuwa mji ulivichukua kwa ajili ya huduma ya umeme, wala haukuwa ukitafuta wahalifu. Mtu anayekataa mita kwa sababu ya faragha, basi, asiitwe mshamba.

Hofu ya mume wangu ilikuwa ya namna nyingine. Kazi zake ni za msimu, na alichokiona kwenye kiboksi kile ni ile swichi tu. Zamani, alisema, aliyekuja kukukatia umeme alipaswa kufika mlangoni, na mlangoni mtu anaweza kumweleza mwenzake kwamba kuna mgonjwa ndani au mshahara unaingia kesho. Nilitaka kumbishia nikashindwa. Nchini Uingereza, mwanzoni mwa 2023, mdhibiti wa nishati aliwataka wasambazaji wasitishe kuwahamishia wateja kwa lazima kwenye malipo ya kabla, ambayo yakiisha umeme hukatika, na hilo liligusa pia mita janja, ambazo huhamishwa kwa amri ya kompyuta bila mtu kubisha hodi. Mkataba wetu unasema tutapewa notisi kabla ya kukatiwa. Haujasema itatumwa kwa njia gani, na mume wangu amepigia mstari mwekundu kifungu hicho.

Kuhusu mionzi nitasema kidogo. Jirani alituambia mita hizi huleta maradhi. Ni kweli kwamba mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, lakini wasiwasi huo ulitokana zaidi na simu inayoshikiliwa sikioni. Mita hutoa mawimbi hayo kwa muda mfupi tu kila inapotuma taarifa, na yetu iko nje, nyuma ya ukuta. Hakuna aliyepoteza usingizi kwa jambo hilo nyumbani kwetu.

Ukuta huohuo, kwa bahati mbaya, ulituletea udhia mwingine. Mita ilipoteza mtandao kwa wiki tatu katika mwezi wa sita, na bili ikarudi kuwa ya makadirio, jambo ambalo tuliambiwa lingekuwa historia. Mita iliendelea kuhesabu vizuri, isipokuwa haikuwa na namna ya kusema. Waingereza wengi waliofungiwa mita za kizazi cha kwanza walikutana na hali inayofanana na hiyo walipohamia kwa msambazaji mwingine, mita zao zikawa za kawaida tena. Kwetu fundi alibadilisha antena, na tatizo halijarudi.

Kwa kifaa ninatoa alama 8 kati ya 10, kwa kuwa kinapima sawa, skrini inasomeka hata na Babu bila miwani, na makadirio yamekwisha isipokuwa zile wiki tatu. Kwa huduma inayoambatana nacho ninatoa 5. Kwa anayefikiria kukubali, ningesema akubali, ila aitishe kikao cha nyumbani kabla hajatia sahihi, na amuulize msambazaji kwa maandishi kama vipimo vinaweza kuchukuliwa mara moja kwa siku au kwa mwezi badala ya kila nusu saa. Mimi niliuliza baada ya kisa cha pasi, kwa ombi la binti yangu. Jibu lilikuja baada ya siku kumi na moja, nalo lilinitaka nieleze sababu.