Tiketi ya ndege kupitia kampuni ya meli: "Kigoma haimo kwenye orodha"

Niseme mapema nisije nikaonekana mkorofi: meli yenyewe ya kitalii niliyosafiri nayo haina kosa. Kebini safi, chakula cha kumwaga, wahudumu wana adabu. Kilichonikalisha chini kuandika ni tiketi ya ndege niliyouziwa na kampuni hiyohiyo ya meli, na dada mmoja wa huduma kwa wateja aliyeniuliza kwa upole kabisa: "Kwani unakaa mbali na uwanja wa Dar es Salaam? Si uendeshe gari tu?"

Niendeshe gari. Kutoka Kigoma. Kwa reli ni kilomita 1,250 na ushee, na huku ndiko mwisho wa reli. Ukizidisha hatua unaingia ziwani. Nikamwambia, dada, hiyo ni kuivuka nchi nzima. Akasema anaelewa usumbufu wangu. Hakuelewa lolote.

Tuanze na kinachouzwa. Kampuni kubwa za meli za kitalii zina idara yao ya ndege. Unapolipia kebini, fomu inakuuliza kama unataka na ndege, na ukikubali wao ndio wanakuwa wakala wako. Mji wa kuanzia unauchagua kwenye orodha. Dar es Salaam imo. Nairobi imo. Kigoma haimo, Tabora haimo. Uwanja wetu una herufi zake tatu za kimataifa, TKQ, kama Tabora ilivyo na TBO, lakini ukiziandika fomu inageuka nyekundu. Kwa hiyo tiketi yao inaanzia Dar, na kipande cha Kigoma–Dar unajikatia mwenyewe, tiketi ya pili isiyojuana na ya kwanza. Matatizo yote yanaishi kwenye mshono huo. Tiketi ikiwa moja, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika linawajibika kukutafutia nyingine. Tiketi zikiwa mbili, kila mmoja anakutazama kama mtoto wa jirani.

Mimi nilijua hilo. Ndiyo maana naumia zaidi. Nilipanga ndege ya asubuhi kutoka Kigoma, inayopitia Tabora na kufika Dar saa tano, na ya kimataifa ilikuwa saa kumi na moja jioni. Saa sita katikati, nikaona nimejipa nafasi. Idara yao nayo ikaandika kwamba muda huo "unatosha kabisa".

Wiki mbili na kitu kabla ya safari, shirika la ndege likasogeza ile safari ya jioni ikawa saa saba mchana. Sikuambiwa. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Ndege ikibadilishwa muda, taarifa inatumwa kwa anwani iliyo kwenye bukingi. Bukingi ikiwa imefanywa na wakala, mara nyingi anwani iliyomo ni ya wakala. Barua pepe ya mabadiliko ilikwenda kwenye sanduku la kampuni ya meli, ikalala humo. Nimeigundua kwa sababu nina tabia ya kuchungulia.

Jinsi ya kuchungulia ni hivi. Kampuni ya meli itakupa namba ndefu ya safari. Hiyo kwa shirika la ndege ni namba ya hewa. Dai kodi ya bukingi ya shirika lenyewe (msimbo, si kodi ya serikali), yenye herufi na tarakimu sita. Dai pia namba ya tiketi, tarakimu 13, tatu za mwanzo zikiwa za shirika. Ukiwa na kodi tu bila namba ya tiketi, huenda nafasi imeshikwa lakini tiketi haijakatwa, na nafasi iliyoshikwa inaweza kuachiwa bila wewe kujua. Ingia tovuti ya shirika, weka kodi na jina la ukoo, tazama muda, kisha ongeza namba yako ya simu na barua pepe yako. Rudia kila wiki, na siku tatu za mwisho kila siku.

Basi nikaona saa saba mchana. Kaunta za kimataifa kwa kawaida hufungwa saa moja kabla, yaani saa sita. Ndege yangu ya Kigoma inatua saa tano, mizigo itoke, nihame jengo la ndege za ndani kwenda la kimataifa, nipange foleni. Siku ambayo wingu halijakaa juu ya ziwa, labda. Mimi si mtu wa labda.

Nikapiga simu shirika la ndege kwanza. Wakasema tiketi imekatwa na wakala, ongea na wakala wako. Wako sahihi kwa utaratibu wao: aliyekata tiketi ndiye mwenye mamlaka ya kuigusa mpaka karibu na safari. Nikapiga kampuni ya meli. Ofisi yao iko Florida, inafunguliwa saa tatu asubuhi ya kwao, ambayo kipindi cha kiangazi chao ni saa kumi jioni kwetu. Ofisi ya ndege zetu za ndani hapa mjini inafungwa saa kumi na moja. Ukihesabu, nina saa moja tu kwa siku ambayo watu wote ninaowahitaji wako macho, na katika saa hiyo, dakika hamsini nilisikilizishwa muziki wa kinanda huku bando likiyeyuka.

Ndipo akaja yule dada. Nikamweleza. Akasema tiketi yangu haina tatizo, inaanzia Dar, na kuwepo Dar kwa wakati ni jukumu langu. Nikasema naomba basi mnisogeze kwenye safari ya kesho yake ya shirika hilohilo, bado nitaiwahi meli. Akasema mabadiliko ninayoyaomba mimi yana ada. Nikasema sijayaomba mimi, muda umebadilishwa na ninyi hamkuniambia. Akauliza Kigoma ni wapi. Nikamtajia herufi, T, K, Q. Kimya. Halafu: "Samahani, huo mji haumo kwenye mfumo wetu." Na baada ya hapo ndipo likaja swali la gari.

Jamani. Mji huu! Mwaka 1913 yadi ya Meyer ya Papenburg, Ujerumani, iliunda meli, ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye masanduku, ikaletwa Dar, ikapandishwa reli mpaka Kigoma na kuunganishwa hapa hapa, ikashushwa majini mwaka 1915. Ikazamishwa 1916, ikaibuliwa, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Yadi ileile leo inaunda meli za kitalii, zikiwemo za makampuni makubwa kabisa. Meli imeweza kufika Kigoma kwa vipande, mimi nashindwa kutoka Kigoma nikiwa mzima.

Matokeo: nilisogeza tiketi ya ndani siku moja nyuma kwa faini na tofauti ya nauli, nikalala Dar kwa gharama zangu. Na kusema kweli hicho ndicho ningepaswa kufanya tangu mwanzo. Mtu wa Kigoma au Tabora asiunganishe siku moja hata apewe saa nane. Na ukishatua kwenye mji wa meli, fika jana yake, usifike siku ya kuondoka. Msiamini maneno ya vijiweni kwamba ukikata ndege kwao meli itakusubiri. Gati lina zamu na muda wake. Wakikuahidi kitu, soma vizuri: wanaahidi kukusaidia kuikuta meli bandari inayofuata, na hapo viza yako lazima iruhusu.

Viza nayo. Kuna nauli za aina mbili kwa wauzaji hawa: ile unayochagua ndege mwenyewe, na ile ya bei ya chini unayopangiwa. Hiyo ya pili ratiba kamili inaweza kutoka zikiwa zimebaki wiki chache tu. Viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, inaombwa kuanzia miezi sita kabla na isiwe chini ya siku 15, na wanataka kuona mpango wa ndege ya kwenda na kurudi, bima isiyopungua euro 30,000, pamoja na uthibitisho wa kebini. Utapeleka nini dirishani kama ndege hujapangiwa? Mswahili asiyesafiri kwa pasi ya Ulaya asiiguse nauli hiyo, hata iwe nusu bei. Na kama meli inatoka nje ya Schengen katikati ya safari, tuseme inagusa Tunisia au Uturuki, omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo watakukatalia kupanda.

Majina: andika kama yalivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi. Ramadhan na Ramadhani kwetu ni mtu mmoja, kwa kaunta ni watu wawili. Fomu ya meli na tiketi ya ndege ni mifumo tofauti, kagua zote mbili.

Mizigo ilinikera kuliko ninavyotaka kukiri. Tiketi ya kimataifa ilinipa mabegi mawili ya kilo 23. Ya ndani ilinipa moja. Kwa kuwa tiketi hazijuani, kaunta ya Kigoma haitaki kusikia habari za Dar wala Ulaya: begi la pili likawekwa mzanini, sindano ikapanda mpaka 21, nikalipia kila kilo. Kurudi, hadithi ileile. Mwenye tiketi moja hili halimgusi.

Mpaka hapo nilikuwa nimeshaamua, nyota moja, na maneno makali. Lakini lazima niseme na la pili, hata kama linaniharibia hasira.

Usiku wa mwisho upepo ulitushika bandari ya mwisho kabla ya Barcelona, ambako meli ilikuwa inamalizia safari. Tulitakiwa kufunga gati alfajiri, tukafunga karibu na saa sita mchana. Ndege zetu za adhuhuri zilikuwa zimekwenda. Kabla hata sijavaa viatu, karatasi ilipenya chini ya mlango wa kebini: jina langu, safari mpya ya jioni, kodi ileile ya herufi sita, basi la kwenda uwanjani namba fulani, bila ada. Waliokata ndege kwa idara ya meli wote tulipata karatasi. Waliojikatia wenyewe walikuwa kwenye ngazi za ukumbi wameinamia simu, intaneti ya meli inasuasua, wengine wananunua tiketi mpya za njia moja kwa bei ya siku hiyohiyo. Mzee mmoja alikuwa na mashirika mawili tofauti ya kuyabembeleza. Nilimwonea huruma, na nakiri nilijisikia mjanja.

Kwa hiyo nyota mbili. Tatu, kwa upande wa kurudi. Maana hatari kubwa ya kurudi ni meli yenyewe kuchelewa, na hapo anayejua kwamba meli imechelewa ni huyohuyo aliyekata tiketi yako. Hatari ya kwenda ni ndege kubadilika, na hapo ni heri tiketi iwe mkononi mwako, shirika likupigie wewe. Baadhi ya kampuni zinakubali kukuuzia njia moja tu. Ningekuwa nimeuliza hilo, ningenunua kurudi kwao na kwenda kwangu. Lakini pigeni hesabu kwanza, njia moja ya kujikatia huwa ghali, na kwenye safari inayoanzia mji mmoja na kuishia mwingine nauli za mikataba yao mara nyingi zinawashinda watu binafsi. Na ukijikatia, piga simu benki mapema waongeze kikomo cha malipo ya mtandaoni kwenye kadi, maana tiketi mbili za Ulaya zinagonga dari na nauli inapanda huku unasubiri.

Halafu nikatua Dar nikiwa nimechelewa karibu siku nzima, na tiketi yangu ya Kigoma ilikuwa imeshakufa. Hukutokea, hupo. Karatasi nzuri ya chini ya mlango ilikuwa imenifikisha Dar, kwa sababu kwa kampuni hii dunia inaishia Dar. Narudi kwenye nyota moja.

Kipande cha ndani cha kurudi, basi, nunueni nauli inayoruhusu kubadilisha siku, na muweke siku ya pili baada ya kutua. Au tafuteni meli zinazoanzia Dubai, ambazo huwapo miezi ya baridi ya huko, na shirika linaloruka Kigoma na Dubai pia: tiketi moja, begi linapokelewa mwisho wa safari, na mshono unakuwa wa kwao.

Nimedai fidia ya kile kipande cha Kigoma. Fomu ina sehemu ya gharama za kufika uwanja wa kuanzia, nikaambatanisha tiketi na risiti ya faini. Wamejibu juzi kwamba sehemu hiyo inahusu mafuta ya gari au teksi tu, niwatumie idadi ya kilomita. Nimewaandikia: 1,250, kwa reli.