Ukuta wa udongo wa Entebbe, kwa jicho la fundi mwashi

Mimi ni fundi mwashi wa Bombo, Uganda, na matofali ya kuchoma ndiyo yanayonilisha. Kwa hiyo tulipompeleka kijana wetu wa miaka minne kupasuliwa ngiri katika hospitali ya watoto ya EMERGENCY, shirika la misaada la Kiitalia, kule Entebbe, mama yake alimtazama daktari, mimi nikatazama ukuta.

Ni udongo! Mwekundu, uliochimbwa palepale kiwanjani, ukashindiliwa ndani ya mbao tabaka kwa tabaka. Matabaka yenyewe unayaona. Kwetu nyumba ya udongo ni ya asiye na pesa, basi nilikwenda na dharau zangu. Nikapapasa kona, maana kona ndizo humuumbua fundi. Zimenyooka. Nje jua la saa saba linaunguza, wodini hewa imetulia, kwa kuwa ukuta mnene namna ile huchelewa kupata joto. Mchoro ni wa msanifu majengo Mwitaliano Renzo Piano, pamoja na kampuni ya usanifu ya TAMassociati, na milango ilifunguliwa 2021. Sisi huku tanuri moja la matofali linakula malori ya kuni. Miti iliyokatwa upande wa Luwero, mkono wangu umo.

Juu ya paa kuna paneli za sola zaidi ya 2,000. Kwa hilo sina utani. Kabla ya hapo, hospitali nyingine ilituahirishia mara mbili: umeme umekatika, jenereta haina dizeli, na mtoto amefunga kula tangu usiku, analia njaa mpaka mama mkwe akatoka nje asimsikie.

Entebbe aliingia asubuhi, akatoka salama. Vyumba vya upasuaji ni vitatu, vitanda 72, na hatukulipa hata shilingi. Nauli tu ndiyo yetu, taksi mbili kutoka Bombo.

Wenzangu mafundi msikimbilie kuiga, lakini. Ukuta huu unataka paa pana la kuukinga na mvua ya ziwani, vibarua wengi na subira, na mteja wangu wa kawaida anataka kuhamia kabla ya Idi.

Siku ya kurudi kliniki nilimkuta kijana anachokoa kijiwe ukutani kwa kucha. Nilimwacha kidogo, nione. Hakikutoka.