Kanisa la Blythburgh, Suffolk: nendeni, ila bebeni darubini na koti zito

Kama unapita Suffolk, mashariki mwa Uingereza, na gari kwenye ile barabara ya A12 na una lisaa limoja la kupoteza, ingia kanisa la Holy Trinity pale Blythburgh, na ubebe darubini. Sitanii kuhusu hiyo darubini. Malaika wa mbao, ambao ndo kivutio cha kanisa hili, wako juu kabisa darini na kwa simu hata uvute vipi picha inatoka ukungu tu, mimi niliazima ya mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa ametoka kuangalia ndege huko kwenye matope ya mto, la sivyo ningeondoka nimeona mabawa bila sura.

Kiingilio hakuna, siku niliyoenda mlango ulikuwa wazi tu, unajiingilia, kuna sehemu ya kuchangia ukipenda. Hakuna wa kukuongoza, ambayo kwangu mimi ni raha, ila kama hujasoma chochote kabla utazunguka dakika kumi utasema mbona limepauka hivi, halafu utaondoka. Kwahiyo niwape mambo niliyoyaona na historia yake kidogo.

Kwanza ukubwa wake hauendani na kijiji. Urefu, namaanisha toka mbele hadi nyuma, ni karibu mita 39, linaonekana mbali sana ukitokea upande wa maji mpaka watu wanaliita kanisa kuu la mabwawani, na kijiji chenyewe nyumba chache tu. Ila zamani Blythburgh ilikuwa mji wa biashara, mto Blyth ulipitisha meli, kulikuwa na soko na jela yake, na watawa wa Mtakatifu Augustino walikuwa na nyumba yao hapo jirani. Mwaka 1412 mfalme Henry IV akawapa hao watawa ruhusa ya kulijenga upya, mnara wakauacha ule ule wa zamani wa karne ya 14, hilo tunaloliona sasa ni la karne ya 15 na sehemu kubwa ya hela ilitoka kwenye wosia za watu wa mji, mtu anakufa anaacha kitu kwa ajili ya dirisha au paa. Baadae mto ukajaa tope, Henry VIII akafunga nyumba za watawa, 1676 moto ukala sehemu kubwa ya mji, biashara ikaisha. Watu wakabaki wachache na kanisa limebaki la mji mzima, na nadhani ndo maana limesalimika, hakuna aliyekuwa na hela ya kuliharibu kwa kulipendezesha.

Nje zungukeni taratibu. Suffolk haina mawe ya kujengea ya maana kwahiyo walitumia gumegume, yale mawe magumu ya kutoa cheche, wanayapasua mpaka upande wa ndani ule mweusi unaong'aa unakaa nje, halafu wanayapanga katikati ya mawe meupe ya kuchonga yanatoa herufi na maumbo. Kazi ya mikono ile, nimepapasa ukuta, unateleza kabisa.

Sasa ndani. Mwanga! Juu kuna mstari wa madirisha 18 kila upande na vioo vingi ni vyeupe, vile vya rangi vya zamani vimebaki vipande vipande tu, kwahiyo jua linamwagika mpaka sakafuni. Dari ni ya mbao, ilipakwa nyeupe na maua mekundu na kijani, rangi imefifia lakini bado inaonekana, na katikati ndo wamekaa malaika wawili wawili wamepeana migongo, mmoja anaangalia mashariki mwingine magharibi, mabawa yamekunjuliwa kama kipanga anayejiandaa kushuka. Kwenye darubini niliona nyuso zina nyufa, mmoja pua imeliwa, rangi imebaki kwenye mikunjo ya nguo. Wana zaidi ya miaka 500 hao na hakuna aliyewapaka upya!

Kuna stori utaisikia kwa kila mtu pale, kwamba askari wa Wapuritani, Waprotestanti wakali waliopinga sanamu kanisani, waliwapiga malaika risasi. Aprili 1644 kweli alifika William Dowsing, huyu alipewa kazi rasmi na Earl wa Manchester, jemadari wa jeshi la bunge upande ule, ya kuzunguka makanisa kuvunja picha na sanamu, na aliandika shajara kwahiyo inajulikana aliagiza nini Blythburgh, malaika walikuwemo kwenye orodha. Na kweli risasi ndogondogo zilikutwa kwenye mbao. Ila ukifuatilia vizuri, hizo risasi zinahusishwa na karne ya 18, wakati kanisa lilikuwa linalipa watu wawapige kunguru waliokuwa wamejaa darini. Yaani malaika walipigwa kwa bahati mbaya, shabaha ilikuwa kunguru. Mimi hii ya kunguru naipenda zaidi kuliko ile ya askari, sijui kwa nini hawaisimulii kwa sauti.

Hivyo hivyo na mlango wa kaskazini. Una alama nyeusi za kuungua na wanaziita kucha za shetani. Tarehe 4 Agosti 1577, Jumapili watu wako ibadani, ikaja dhoruba kali, radi ikapiga, ncha ya mnara ikaanguka ikatoboa paa, mwanaume mmoja na mvulana mmoja wakafa. Siku hiyo hiyo kanisa la Bungay nalo likapigwa, na watu wakaanza kusema ni mbwa mweusi wa kishetani, Black Shuck, kapita makanisa yote mawili. Nimesogeza uso karibu na mlango, alama ni ndefu nyembamba, juu zimechongoka na chini zimenona, sura ya ulimi wa mshumaa kabisa. Na alama za aina hii zipo kwenye majengo mengi ya zamani Uingereza, wataalamu wanasema nyingi watu walizichoma wenyewe makusudi kama kinga ya moto. Ile ncha ya mnara haikujengwa tena, ndo maana mnara ukiuangalia kwa mbali kama umekatwa kichwa.

Msisahau mabenchi, wengi wanakaa juu yake bila kuangalia. Kwenye ncha zake kuna vitu vilivyochongwa, zikiwemo dhambi kuu: mlafi kashika tumbo lake, mchoyo kakalia sanduku la hela, mvivu yuko kitandani kabisa shuka limemfika kiunoni. Nilicheka peke yangu. Fikiria unasikiliza mahubiri karne ya 15 umekaa pembeni ya mvivu. Kuna na mwanasesere wa mbao mwenye ndevu, wa 1682, alikuwa wa saa, anagonga kengele, na hadi leo wanamtumia kuashiria ibada imeanza.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba hawakulifanya jipya. Kufikia 1881 lilikuwa bovu hadi likafungwa, inasemekana waumini walikuwa wanasali na miavuli. Halafu ikawa ugomvi mkubwa, kamati inataka kulikarabati kwa staili ya wakati ule, na chama cha msanii na mwandishi William Morris cha kulinda majengo ya kale kinasema zibeni panapovuja, mengine acheni. Kwa sehemu kubwa chama kilishinda, na ukiingia unashukuru.

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimekata kwa sababu maelezo ni machache na baridi ya humo ndani ni ya kufa mtu hata nje pakiwa na jua. Bila gari ni shughuli, stesheni za karibu ni Halesworth na Darsham na bado unahitaji teksi, yangu ilichelewa sana na simu hawapokei, wekeni oda ya kurudi mapema. Wenye watoto waambieni watafute mvivu kitandani, watatulia.