Mwalimu wa fidla ambaye bado yuko jukwaani: tathmini baada ya mihula mitatu

Binti yangu ana umri wa miaka 10, na kwa mihula mitatu sasa anafunzwa fidla na mwalimu mmoja wa hapa Nairobi ambaye, mbali na kufunza, hupiga katika okestra na katika kikundi cha watu wanne, fidla mbili, vayola na selo, kinachokodiwa kwa harusi na hafla za jioni. Jina lake siliandiki, kwa kuwa hakuniomba nimtangaze, na pia kwa kuwa mengi nitakayoyasema yanamhusu karibu kila mpigaji wa mji huu anayeishi kwa kazi hizo mbili. Ada ni shilingi 2,500 kwa somo la dakika 45, hulipwa mwanzoni mwa muhula, na mwanafunzi huja na ala yake.

Kabla yake tulikuwa na mwalimu mwingine, aliyeunganishwa nasi na duka lililotuuzia fidla. Huyo alikuwa mpole na hakuwahi kukosa hata Jumamosi moja, lakini katika miezi mitano sikumwona akiishika fidla. Alikaa kitini, akahesabu kwa kugonga meza, akamwambia mtoto ni nota ipi aliyoikosea. Mtoto alijua alipokosea bila kujua sauti iliyo sahihi inafananaje, na mimi nisiyejua muziki nilidhani hivyo ndivyo fidla inavyofunzwa.

Jambo la kwanza alilolifanya mwalimu huyu wa sasa lilikuwa kumwambia binti yangu anyooshe mkono wa kushoto, kisha akailaza fidla juu yake kuanzia shingoni. Kichwa cha fidla kilipita kiganja. Tulikuwa tumeuziwa ala ya mtu mzima, na mtoto alikuwa akijinyoosha kuzifikia nota ambazo katika fidla ya robo tatu vidole vingezifikia vyenyewe. "Mama Zawadi," aliniambia, "mtoto huyu hana tatizo la sikio, ana tatizo la urefu wa ubao." Alitukodishia fidla ndogo kwa muhula mmoja, na ndani ya wiki tatu yale malalamiko ya bega yalikwisha.

Masomo yake yana utaratibu ambao sasa naujua kwa moyo. Dakika kumi za mwanzo ni za upinde peke yake, kwenye nyuzi tupu, bila kidole kugusa ubao, na hapo ndipo watoto wengi huchoka na wazazi wengi huanza kujiuliza wanalipia nini. Baadaye huja skeli, yaani nota zinazopanda na kushuka kwa mfuatano, kisha kipande cha wiki, ambacho mwalimu hukipiga kwanza mwenyewe hadi mwisho huku mtoto akisikiliza tu. Nilipomuuliza kwa nini haanzi na karatasi, alinieleza kuhusu Shinichi Suzuki wa Japani, aliyeijenga njia yake juu ya hoja kwamba mtoto huijua lugha ya mama kwa kuisikia mara nyingi kabla ya kuisoma, na ambaye alitaka mzazi naye aketi darasani. Ndiyo sababu mimi hukaa pale kila somo, na nimejifunza kupaka upinde ulimbo na kuukaza uzi bila kuukata.

Lakini kile hasa ninachokilipia nilikielewa siku ya onyesho la wanafunzi. Binti yangu alitetemeka mkono kiasi kwamba upinde ulirukaruka juu ya uzi, akashuka jukwaani akilia. Somo lililofuata mwalimu hakumpa pole nyingi. Alimwambia kwamba yeye mwenyewe mkono humtetemeka hata sasa, kisha akamwonyesha anachokifanya: huuweka upinde juu ya uzi kabla hajavuta pumzi, na huanzia karibu na mkono wake, mahali penye uzito, kwa sababu nchani ndiko upinde unakotetemeka kwa urahisi. Wakarudia kuingia jukwaani mara sita, mlango hadi kiti, wakipiga nota moja tu kila mara. Maarifa ya namna hiyo hayapatikani kwa mtu aliyeacha kusimama mbele ya watu miaka 20 iliyopita, au angalau hayapatikani yakiwa mabichi namna ile.

Jadi yenyewe ya fidla imejengwa na watu wa aina hii. Joseph Joachim, aliyeongoza chuo cha muziki kilichoanzishwa Berlin mwaka 1869, hakuacha kupiga. Yeye ndiye aliyeipiga kwa mara ya kwanza konseto ya fidla, yaani kipande cha fidla na okestra, ya mtunzi Brahms, huko Leipzig, Januari 1, 1879, akiwa tayari na wanafunzi chuoni. Leopold Auer alifunza Saint Petersburg tangu 1868 hadi 1917, na wakati huohuo akapiga sehemu za fidla ya pekee katika maonyesho ya baleti ya kifalme. Kutoka darasa lake walitoka Mischa Elman, Efrem Zimbalist na Jascha Heifetz. Naandika haya nikijua kwamba upande wa pili nao una shahidi mzito. Ivan Galamian alififia jukwaani na kujitoa kwa darasa, akafunza New York na Philadelphia hadi alipofariki mwaka 1981, na Itzhak Perlman alipita mikononi mwake na mwa Dorothy DeLay, ambaye naye alijulikana kwa ualimu kuliko kwa upigaji. Kwa hiyo sisemi kwamba asiyepiga hawezi kufunza. Nasema kwamba Galamian alikuwa mmoja, na kwamba yule aliyekuwa akigonga meza hakuwa yeye.

Sasa niifikie kasoro, ambayo ni kubwa. Katika muhula wa tatu, kati ya masomo 12 tuliyoyalipia, manne yaliahirishwa, mawili kati ya hayo tukiwa tumekwisha kufika mlangoni. Agosti na Desemba ni miezi ya harusi, na harusi moja humlipa kuliko masomo kadhaa; okestra nayo, ambayo wengi wa wapigaji wake hupiga kwa mapenzi baada ya kazi zao za mchana, hufanya mazoezi mengi zaidi wiki ya onyesho. Masomo matatu aliyafidia, la nne bado nalidai. Nilikasirika, na nilimwambia kwa heshima lakini bila kuficha. Aliniomba radhi, akanionyesha kalenda yake: siku mbili katika shule ya kibinafsi, wanafunzi 14 wa nyumbani, okestra, harusi. Hakuna hata kazi moja kati ya hizo anayoweza kuitegemea peke yake. Mpigaji wa Berliner Philharmoniker, okestra mashuhuri ya Ujerumani, ana mshahara na ratiba inayojulikana mapema, na okestra ile ina akademia yake tangu 1972 ambamo wanachama huwafunza vijana. Hapa mpigaji hujua Jumatano kwamba Jumamosi ameitwa Naivasha. Hilo halinirudishii nauli yangu, lakini limenifanya nibadilishe namna ya kumlaumu.

Mengine ni madogo. Chumba chake kinapakana na karakana ya vyuma, na mchana nota laini hazisikiki. Huandaa wanafunzi kwa mitihani ya gredi ya ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, kwa uangalifu, ila hamsukumi mtoto kuifanya kila mwaka, jambo ambalo baadhi ya wazazi wamelilalamikia na mimi nimelipenda. Mara mbili alimtuma kijana aliyefunzwa Korogocho katika mradi wa Ghetto Classics, ambako wakubwa huwafunza wadogo, amshikie somo, na kusema kweli kijana yule alikuwa na subira kumzidi.

Anayehitaji siku na saa isiyobadilika, kwa sababu ya kazi au ya umbali, atateseka hapa, na nisingemshauri alipe muhula mzima mapema. Mwenye mtoto anayetaka kusikia sauti nzuri kwa karibu kila wiki, na anayeweza kuvumilia ujumbe wa simu usiku wa Ijumaa, hatajuta. Sisi tumehamia Jumanne saa kumi jioni, siku ambayo hakuna anayeoa, na tangu tuhamie hatujakosa somo hata moja. Nafasi za Jumanne zilizobaki muhula ujao ni mbili.