Riviu: sampla ya sponji ya kupima kemikali za kuzuia moto hewani (nyota 4 kati ya 5)

Kwa wale wanaouliza kama hii sampla (kifaa cha kunasa kemikali za hewani ili zipimwe maabara) ina maana ama ni kutupa pesa bure, nunua tu, ila soma kwanza. Ukiiona haina maajabu, ni bakuli mbili za stili zimefunikana na kuachiwa upenyo, ndani kuna sponji ya duara kama sentimita 14, unaitundika unaenda zako, unairudia baada ya miezi 3. Haitaki stima wala betri, hewa inajipitia yenyewe na kemikali zinanasa. Kwa siku inakula kama mita 4 za ujazo, ni kidogo sana, pampu kubwa inavuta hewa ya miezi hiyo yote kwa siku moja, lakini hiyo pampu utaichomeka wapi na stima yetu hii? Ndio maana hawa wa MONET (mtandao wa kupima kemikali sumu hewani) walisambaza za sponji Afrika 2008, Kenya ikiwemo.

Sasa shida. Sponji yenyewe ni poliurethani, ndugu ya ile ya sofa, na sofa za Marekani ndizo zilikuwa zinashindiliwa pentaBDE, moja ya hizo kemikali za kuzuia moto, mpaka ikaacha kutengenezwa huko mwisho wa 2004; mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kemikali sumu zisizooza, ukaipiga marufuku 2009. Sponji yako inaweza kuja nayo tayari. Kwa hivyo lazima ioshwe na viyeyusho vya asitoni na heksani, ifungwe kwa foili, na usithubutu kuifungua ofisini penye makompyuta na makochi ya zamani. Beba na ya ziada, ifungue saiti uifunge papo hapo, ipimwe kama zingine. Hiyo ndio blanki, inakuonyesha uchafu uliotoka kwa sponji yenyewe ama safarini, sio hewani, na mtu akikuletea majibu bila blanki mrudishie.

Nyota moja nimeitoa sababu ya vumbi. DekaBDE, kemikali nyingine ya kuzuia moto, ile ya maplastiki ya TV, inapenda kukaa kwa vumbi na bakuli zinazuia vumbi jingi, so kama unafuatilia mahali wanachoma TV na kompyuta kuukuu hii peke yake itakudanganya, chukua na udongo. Sentimita 5 za juu, kijiko cha stili sio cha plastiki, na upime kaboni pia maana hizi kemikali hung'ang'ania mboji, bila hiyo utalinganishaje shamba na mchanga wa barabarani.

Bei ya sampla sio stori, stori ni maabara. Kuna moja (siitaji) iliniandikia dekaBDE "haipo" kwa udongo wa mahali moto hauzimiki, kumbe wanatumia kolamu ndefu ya GC (mashine inayotenganisha kemikali kwa kuzipitisha kwa mrija mwembamba wenye joto, huo mrija ndio kolamu), dekaBDE inakaa kwa joto muda mrefu inavunjika kabla haijasomwa. Uliza kabla hujalipa: kolamu ni mita ngapi? Wakisema 15 endelea, wakisema 60 tafuta wengine.

Na tundikeni juu ya paa la shule ama kituo cha hali ya hewa wazee, penye mlinzi. Bakuli za stili zina miguu.