Ndoo ya kutengenezea bia na chachu ya Voss: miezi minane katika jiko la Tabata

Doa bado lipo kwenye siling bodi. Fundi rangi alipokuja mwezi wa tatu alilitazama akauliza kama kuna bomba linavuja huko juu. Nikaitikia ndiyo, maana kumweleza kwamba ile ni bia ingekuwa hadithi ndefu.

Seti niliinunua Desemba kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni hapa hapa Dar, na boda akaileta jioni ileile. Ndani ya boksi kulikuwa na ndoo nyeupe ya lita 25 yenye koki, mfuniko wenye tundu, kizibo kidogo cha plastiki kinachotiwa maji ili gesi itoke bila vumbi kuingia, haidromita (chombo cha kupimia sukari ya bia, ndicho kinachokupa hesabu ya kilevi), kopo la kilo 1.7 la kimea kizito kama asali ambacho tayari kina hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), na pakiti ya chachu ya gramu 7. Kazi yenyewe ni nyepesi kuliko kupika ugali wa watu kumi. Unayeyusha kimea na sukari kwa maji ya moto, unaongeza maji baridi hadi lita 23, unanyunyiza chachu, unafunika. Kabla ya chachu ile supu ni tamu, na mtu aliyekulia kwenye togwa hahitaji kuelezwa ni kitu gani.

Sasa piga hesabu ambayo mimi sikuipiga. Lita 23 ndani ya ndoo ya lita 25. Nafasi iliyobaki kwa povu ni lita mbili, yaani hakuna. Halafu kijitabu cha maelekezo, ambacho kwa hakika kiliandikwa na mtu wa nchi za baridi, kinashauri uweke ndoo mahali penye joto na ikibidi uifunge blanketi. Dar, Januari! Mchana nyuzi 31 au 32, usiku jikoni kwangu kipimajoto hakishuki chini ya 29. Na chachu ikishaanza kula sukari inatoa joto lake yenyewe, kwa hiyo ndani ya ndoo kunazidi nje kwa nyuzi kadhaa.

Nilifunika saa tatu usiku. Saa tisa nikasikia mlio, kama mtu kaangusha sufuria. Povu lilikuwa limepanda likaingia kwenye kizibo, makapi ya hopsi yakaziba kitundu, gesi ikakosa pa kutokea, mfuniko ukaruka. Ukutani povu, kwenye friji povu, darini lile doa. Mume wangu akasimama mlangoni na kanga yangu kiunoni akauliza, "Mama Neema, hii ndiyo starehe uliyoniambia?" Tukapiga deki hadi alfajiri, na bado asubuhi sisimizi walikuwa wamepanga foleni kutoka dirishani.

Ile bia ya kwanza niliimalizia kwa ukaidi. Ilinukia ndizi mbivu, jambo ambalo kwa sisi wa Rombo, watu wa mbege ya ndizi, si tusi, lakini nyuma ya ndizi kulikuwa na ukali wa kuchoma pua kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Ndiyo matokeo ya chachu ya kawaida kufanya kazi kwenye joto kali: inakimbia, na katika kukimbia inatoa vileo vizito na vikali. Shemeji yangu alikunywa glasi moja akasema kwa adabu, "Shemeji, ni nzuri, ila kesho nina kazi." Hajawahi kuwa na kazi Jumapili.

Nilimrudia muuzaji kuhusu ndoo. Akanijibu kwamba wateja wengine hawalalamiki, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa hiyo nikaenda Kariakoo. Dawa ya mfuniko kuruka ni mpira, si kizibo. Nilinunua mita moja na nusu ya mpira wa plastiki mnene, upana wa ndani kama kidole gumba, nikalipanua lile tundu kwa kisu kilichopashwa moto hadi mpira ukaingia kwa kubana. Ncha ya pili inazama kwenye jagi la maji lililo sakafuni. Povu likipanda linasafiri kwenye mpira linamwagikia kwenye jagi, gesi inatoka kwa kububujika, mfuniko unatulia. Mpira mwembamba haufai, hopsi zitauziba vilevile. Jingine ambalo sikulijua hadi limenikuta: ndoo ikipoa ghafla, gesi ya ndani inasinyaa na kuvuta maji ya jagi yarudi kwenye bia. Kwa hiyo maji ya jagi yawe ya kuchemshwa, na ncha izame sentimita mbili tu, siyo hadi chini. Na siku hizi sijazi zaidi ya lita 19. Bia nane hivi za nusu lita ninazozikosa ni nafuu kuliko deki ya usiku wa manane.

Kuna ujanja mwingine ambao ulinichekesha. Yale matone ya gesi wanayopewa watoto wachanga, yenye simethicone, huvunja povu la bia kama yanavyovunja mapovu tumboni kwa mtoto. Watengenezaji wa bia wa majumbani wanayatumia tangu zamani, na mwisho yanashuka chini pamoja na mashapo. Yule binti wa duka la dawa aliniuliza mtoto ana miezi mingapi. Nilimwambia ana lita kumi na tisa. Matone machache yanatosha, ila mimi nayatumia pale tu ninapolazimika kujaza ndoo.

Kupooza ndiko kulikonishinda. Wazungu wanashauri uiweke ndoo kwenye beseni la maji, uivishe fulana mbichi na uwashe feni. Dodoma ingefanya kazi vizuri. Dar hewa imeshiba maji tayari, fulana inabaki mbichi tu na joto linashuka kwa nyuzi mbili ukibahatika. Chupa za lita moja na nusu zilizogandishwa, mbili asubuhi na mbili jioni ndani ya lile beseni, zinasaidia zaidi. Lakini umeme ukatike siku moja, na ulikatika, chupa hazigandi na wewe umebaki na ndoo ya ghadhabu.

Hapo ndipo rafiki yangu aliyekuwa anatoka Uingereza akaniletea pakiti tatu za LalBrew Voss, gramu 11 kila moja, na tangu siku hiyo seti nzima ikabadilika sura.

Hii ni chachu kavu ya aina ya kveik, kutoka Voss, magharibi mwa Norwe. Kveik ni neno la lahaja za huko lenye maana ya chachu. Wakulima wa kule walitia chachu kwenye bia ikiwa bado na uvuguvugu wa kama maziwa ya kukamua, kizazi baada ya kizazi, wakaihifadhi kavu kwenye pete za mbao au kwenye vitambaa hadi pombe inayofuata. Ikazoea joto. Mtengenezaji anaipa nyuzi 25 hadi 40, na inafurahi zaidi kuanzia 35. Yaani watu wa nchi ya theluji ndio wametutengenezea chachu ya Tabata.

Niliitia supu ikiwa nyuzi 34, bila beseni, bila fulana, bila barafu. Baada ya saa nne jagi lilikuwa linatokota. Siku ya pili mpira wote umejaa povu la rangi ya chai ya maziwa (mwenye kizibo kidogo asijaribu kabisa). Siku ya nne kimya. Haidromita ilianza 1.048 ikaishia 1.011, kama asilimia 4.9 ya kilevi. Harufu ni ya ganda la chungwa, ule ukali wa kucha haupo. Shemeji alikunywa tatu, na Jumapili hakuwa na kazi.

Ubaya wake ni bei na upatikanaji. Sijaiona dukani hapa mjini, unategemea mtu na begi lake. Nikamlalamikia mama kwa simu kwamba nimebakiwa na pakiti mbili. Akacheka. "Bibi yako alipika mbege miaka arobaini, ulimwona lini ananunua chachu?" Nikakumbuka lile pipa la bibi ambalo hatukuruhusiwa kulisugua kwa sabuni. Tulidhani ni uvivu wa kizee.

Basi nikaanza kutunza. Bia ikishahamishwa, chini ya ndoo kunabaki tope zito. Naacha bia kidogo juu yake, kama nusu lita, nazungusha ndoo hadi tope lilegee, namimina kwenye chupa za vioo za jamu nilizozichemsha dakika kumi na tano, naziweka friji. Kesho yake zinajipanga kwa tabaka: makapi meusi chini, chachu nyeupe kama krimu katikati, bia juu. Ninayoitaka ni ile ya katikati. Mwanzoni niliiosha kwa maji ya kuchemshwa kama wengi wanavyoelekeza, sasa nimeacha. Bia yenyewe ina tindikali na kilevi, inailinda chachu kuliko maji matupu, na kila unapofungua kuosha unawakaribisha bakteria. Mfuniko usikazwe. Nilikaza mmoja, chupa ikapasuka friji ikiwa imejaa mboga za wiki nzima, na safari hii mume wangu hakuuliza kitu, alinipa ufagio tu.

Ikiwa na wiki mbili naitumia moja kwa moja, vijiko viwili vya chai kwa ndoo nzima, maana Voss haidai wingi. Ikizidi mwezi naiamsha kwanza: gramu 100 za unga wa kimea (kile kimea kizito kikiwa kimekaushwa) kwenye lita moja ya maji, nachemsha vyote pamoja, vikipoa natia chachu, usiku mmoja, nione kama inatoa povu. Ikinuka siki au kiberiti cha yai bovu naimwaga bila huruma. Kuikausha kama Wanorwe nilijaribu mara mbili. Aprili, katikati ya masika, niliitandaza kwenye karatasi ya kuokea na baada ya siku mbili ikaota ukungu wa kijani. Julai, hewa ikiwa kavu kidogo na feni ikipuliza usiku kucha, ilikauka ikawa magamba makavu kama tambi. Iko kwenye friza ndani ya mfuko.

Usafi ndio usiokubali mkato. Ukitumia Jik, suuza kwa maji yaliyochemshwa hadi harufu iishe kabisa, klorini ikikutana na kimea bia inakuwa na ladha ya plasta ya kidonda. Maji ya kisima cha mtaani kwetu yana chumvi, kwa hiyo nanunua yale madumu makubwa ya maji ya kunywa.

Nikipewa nyota tano za kugawa, ndoo naipa mbili. Koki haivuji, haidromita ni nzuri, lakini kuuza ndoo ya lita 25 na kopo la kutengenezea lita 23 kwa mtu wa Dar bila hata kipande cha mpira ni kumtega. Anayeanza achukue ndoo ya lita 30 au zaidi, koki afungiwe na fundi. Voss naipa zote tano. Pakiti ya kwanza imeshapika ndoo sita, ya pili na ya tatu sijazifungua. Chupa ya kizazi cha sita iko friji, mlango wa chini, imeandikwa SI MAYONEZI kwa kalamu nyekundu.