TAHADHARI: Kasino ya mtandaoni ikikuomba picha ya kadi ya benki, soma hapa kabla hujatuma

Wakuu, huu ujumbe ni kwa wanaocheza kasino za nje kwa kadi za Visa na Mastercard. Mambo huwa hivi: umeweka hela, umecheza, umebahatika, unabonyeza kutoa. Unaambiwa akaunti haijahakikiwa, tuma picha ya kadi mbele na nyuma. Hapo mtu ana haraka na hela yake, anapiga picha kadi nzima, anatuma. Baada ya siku chache kadi inakatwa hela na maduka asiyoyajua.

Ombi lenyewe laweza kuwa halali. Kasino yenye leseni inabanwa na sheria za utakatishaji fedha, inatakiwa ijue kwamba kadi iliyotumika ni ya mwenye akaunti. Kwa ajili hiyo inahitaji kuona jina lako, tarehe ya kuisha kadi, tarakimu 6 za mwanzo na 4 za mwisho. Zile 6 zinataja benki iliyotoa kadi, hizi 4 zinalinganishwa na muamala ambao tayari wanao kwenye kumbukumbu zao. Basi, hakuna zaidi.

Tarakimu za katikati hawana kazi nazo. Na CVV, zile tarakimu tatu za nyuma, hata kuzihifadhi hawaruhusiwi. Kanuni za usalama wa kadi duniani, PCI DSS, zinamkataza mfanyabiashara kuweka CVV baada ya malipo kuidhinishwa, hata kama ameifunga kwa msimbo. Kwa hiyo anayekuandikia "CVV isomeke vizuri" ama ni mwizi, ama ni mzembe ambaye picha yako itaibiwa kwake. Kwako wewe tofauti haipo.

Kuna wanaoficha tarakimu mbili tatu wakaona inatosha. Haitoshi, na sababu ni ya hesabu. Tarakimu ya mwisho ya kadi ni ya ukaguzi: inakokotolewa kutokana na zile 15 zinazotangulia, kwa kanuni iitwayo Luhn. Ukificha tarakimu 6, uwezekano ni 1,000,000, na mwizi akiuchuja kwa Luhn anabaki na 100,000. Ukificha 4 tu, anabaki na namba 1,000 za kujaribu, kazi ndogo sana kwa programu. Tarehe ya kuisha ameshaiona kwenye picha, na yapo maduka ya mtandaoni yanayokata hela bila kuuliza CVV. Ficha 6, zote.

Namna ya kuficha ndiyo inayowaangusha hata waangalifu. Usifiche kwenye simu baada ya kupiga picha. Ficha kwenye kadi yenyewe kabla ya kupiga. Kata kipande cha karatasi nene, kiweke juu ya tarakimu 6 za katikati, kishike kwa selotepu. Geuza kadi, funika CVV vilevile. Kama kadi yako ina namba zilizotokeza, angalia mgongoni: zinasomeka kinyumenyume, na mtu akigeuza picha kwenye kompyuta anazipata zote. Funika na hapo. Kadi nyingi mpya zimehamishia namba, tarehe na CVV zote upande wa nyuma, kwa hiyo usifuate mazoea ya kadi ya zamani, iangalie yako.

Kalamu za kuchorea za kwenye simu haziaminiki. Ile ya kuangazia maandishi inaacha rangi inayopenya mwanga: unaona pameziba, lakini mtu akiongeza mwangaza wa picha namba zinajitokeza. Namba uliyoiwekea ukungu nayo inaweza kukisiwa, maana tarakimu ni 10 tu na maumbo yake yanajulikana. Mstari mweusi juu ya PDF ni mbaya kuliko vyote, mara nyingi maandishi yamebaki chini yake na yananakilika. Hata kukata picha kuna historia: Machi 2023 iligundulika kwamba programu ya kuhariri picha kwenye simu za Google Pixel ilikuwa ikiacha sehemu iliyokatwa ndani ya faili, na watu wakaweza kuirudisha. Karatasi na selotepu havina kasoro hiyo.

Wenye kadi pepe, yaani ile inayotengenezwa ndani ya programu ya benki au ya pesa za simu kama M-Pesa GlobalPay ya Kenya, wana shida yao. Hakuna plastiki ya kupiga picha, hivyo mtu anafungua programu, anabonyeza "onyesha namba", anapiga picha ya skrini yenye kila kitu, na anaituma. Usifanye hivyo. Pakua taarifa ya akaunti kutoka benki au mtandao wa simu, ile yenye jina lako na muamala wa kuweka hela kasino, ndiyo utume. Kasino halali kwa kawaida inakubali taarifa hiyo mahali pa picha ya kadi. Miamala mingine isiyowahusu ifunike kwenye karatasi iliyochapwa, kisha piga picha. Taarifa hiyohiyo huwa inafaa pia kama uthibitisho wa anwani ikiwa ina anwani yako na haijazidi miezi mitatu, jambo la msaada kwetu ambao risiti ya umeme wa Luku haitaji mtaa wala namba ya nyumba.

Sasa njia ya kutuma. Picha inapandishwa ndani ya akaunti yako, baada ya kuingia kwa anwani uliyoiandika mwenyewe. "Huduma kwa wateja" wa WhatsApp au Telegram anayekuomba kadi ni tapeli, hata kama ana nembo ya kasino na anajua jina lako la mchezoni. Matapeli hawa hukaa kwenye makundi ya wachezaji wakisubiri mtu alalamike kwamba hela haitoki, kisha wanamfuata faragha.

Mambo haya hayamo kwenye uhakiki wa aina yoyote:

- Namba ya OTP inayokuja kwa ujumbe mfupi. OTP inaidhinisha malipo, haithibitishi jina la mtu. Ukiitaja, benki itaandika kwamba muamala uliuidhinisha wewe, na kuupinga baadaye kunakuwa kugumu mno.
- PIN ya kadi au ya pesa za simu.
- Kupakua AnyDesk, TeamViewer au programu nyingine ya kuongoza simu yako kwa mbali.
- Kutuma "ada ya uhakiki" au "kodi ya ushindi" kwanza ndipo utolewe hela. Kodi, pale inapotozwa, kwa kawaida mwendeshaji anaikata kwenye hela yenyewe na kuipeleka serikalini. Haitumwi kwa namba ya mtu.

Leseni nayo ikaguliwe kabla ya kuweka hata shilingi. Nembo iliyo chini ya ukurasa ni picha tu, mtu yeyote anaweza kuibandika. Fungua mwenyewe tovuti ya msimamizi, iwe Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, Malta Gaming Authority au UK Gambling Commission, kisha tafuta jina la kampuni na anwani ya tovuti. Uingereza waendeshaji wanatakiwa tangu Mei 2019 kumhakiki mtu kabla hajaanza kucheza, na tangu Aprili 2020 kadi za mkopo haziruhusiwi kwenye kamari. Basi tovuti inayojinadi kuwa na leseni ya Uingereza huku ikikuhakiki siku ya kutoa hela tu, au ikikuomba kadi ya mkopo, imejianika yenyewe. Dalili nyingine iko benki: malipo ya kamari yana msimbo wa biashara 7995. Ikiwa hela uliyoweka kasino imeandikwa kama ununuzi wa vifaa vya umeme au nguo, hao wanaficha biashara yao, na kadi yako usiwaachie.

Ulishatuma? Anza na kadi, malalamiko yafuate. Ifunge kwenye programu ya benki sasa hivi, kisha piga namba iliyo nyuma ya kadi na uombe kadi mpya yenye namba mpya, kwa sababu kuifunga kwa muda hakubadilishi namba ambayo mwizi anayo. Waambie pia wazuie malipo ya kujirudia ya mfanyabiashara husika. Visa na Mastercard wana mifumo inayoweza kumpelekea mfanyabiashara namba yako mpya bila wewe kujua. Muamala usioutambua ujazie fomu ya kupinga, mapema. Muda wa kawaida ni siku 120, ila benki yako inaweza kuwa na masharti mafupi zaidi. Usiupinge muamala uliouweka mwenyewe ukapoteza mchezoni. Kasino italeta ushahidi, na madai yako ya kweli yatatiliwa shaka pamoja na huo.

Namba ya simu ya tapeli itume 15040 kwa Tanzania. Kwa Safaricom Kenya itume 333. Kama ulituma na picha ya kitambulisho au selfi, fuatilia laini zilizosajiliwa kwa jina lako: Tanzania bonyeza *106#, na usiyoitambua nenda ukaifute kwa mtandao husika.

Kisha kaa macho kwa simu ya pili. Namba zilizoibiwa huuzwa pamoja na mawasiliano ya mwenye kadi, na baada ya muda atapiga "wakili" au "kitengo cha kurejesha fedha" anayejua kiasi ulichopoteza na jina la kasino. Ataomba picha ya kadi mpya ili akurudishie hela.